Kununua Nyumba ya Kifahari Juu ya Jabali Pwani ya Kilifi: Mwongozo Kamili

Dalali anayejua kazi yake atakuleta saa kumi jioni, msimu wa kaskazi. Pwani yetu inatazama mashariki, kwa hiyo jioni jua liko mgongoni, bahari imelala, rangi yake imekolea buluu mpaka mwambani, na milango ya sebule imeshafunguliwa ili upepo ukupokee. Utasimama kando ya bwawa la kuogelea, uangalie chini mita 10 au 15, na moyoni utakuwa umeshanunua.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetafuta nyumba ya jabalini kati ya Mtwapa na Watamu, hasa maeneo ya Vipingo, Takaungu, majabali ya Vuma na kingo za mkono wa bahari wa Kilifi. Sheria ninazozitaja ni za Kenya. Msimamo wangu ni kwamba nyumba yenyewe ndiyo kitu rahisi kuliko vyote kurekebisha. Mabati yatabadilishwa, jiko litavunjwa lijengwe jingine. Usichoweza kubadilisha ni jabali lililo chini, mstari wa mpaka, na historia ya hati. Basi anza na hivyo, hata kama dalali anakuharakisha kwa habari za mteja mwingine anayekuja kesho na pesa taslimu. Mteja huyo huja kila mara.

Hatua ya 1: Shuka chini kabla ya kuzunguka vyumbani

Majabali haya ni matumbawe ya kale. Yaliota chini ya maji yapata miaka 125,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa, kisha maji yakashuka yakayaacha nje. Ni jiwe lile lile lililojengea mji wa kale wa Gede na misikiti ya Mnarani. Lina nguvu ya kubeba ghorofa, lakini limejaa matundu, na maji ya mvua huliyeyusha pole pole. Ndani yake mna mapango na mifereji ambayo ukisimama bustanini huwezi kuiona.

Bahari hulila kwa chini. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kutoka kupita kawaida, hupanda na kushuka karibu mita 4, na mawimbi hukwangua usawa ule ule mwaka baada ya mwaka hadi unatokea mwanya mrefu uliolala, na juu yake jiwe linabaki limening'inia. Jiwe hilo halimomonyoki kidogo kidogo kama udongo. Hukaa miaka mingi bila dalili ya wazi, halafu kipande kizima kinaanguka kwa mara moja.

Kwa hiyo tafuta jedwali la maji linalotolewa na Mamlaka ya Bandari ya Kenya, chagua siku ya bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, uende maji yakiwa yametoka kabisa. Nenda na mhandisi wa miundo, na mvuvi wa pale pale anayejua njia ya kushukia. Vaa viatu vya soli nene. Jiwe hili hukata kama wembe. Beba futi ndefu na tochi.

Pima mwanya umeingia ndani kiasi gani. Kisha panda juu upime kutoka ukingoni hadi ukuta wa bwawa na hadi nguzo ya kwanza ya nyumba. Ukikuta mwanya umeingia mita 3 na bwawa liko mita 4 kutoka ukingoni, una mita 1 tu ya jiwe lenye kitu chini yake. Hilo halihitaji shahada ya uhandisi kulielewa.

Angalia rangi pia. Jiwe lililozeeka kwenye hewa ya bahari ni la kijivu hadi jeusi, lenye ncha kali. Palipobanduka karibuni ni peupe au rangi ya krimu. Mawe makubwa yaliyoanguka chini yakiwa yameota chaza na mwani, yana miaka pale. Yakiwa safi, uliza yalianguka lini, na usimuulize mwenye nyumba, muulize mvuvi. Kwenye mapango, mulika tochi ujue yanaelekea upande gani. Pango linaloingia moja kwa moja chini ya nyumba si lazima liue biashara, ila mhandisi aandike ripoti kabla hujatoa hata shilingi moja ya amana.

Juu, tafuta nyufa zinazokwenda sambamba na ukingo, vigae vya kibarazani vilivyoachana, mti ulioinamia baharini. Ukuta wa mpakani ukiwa na ufa uliozibwa kwa saruji mpya, simama hapo kwa muda.

Halafu urudi wakati wa kusi. Najua unaishi Nairobi au Doha na nauli si mchezo, lakini Juni au Julai utaiona nyumba nyingine kabisa: upepo unaopiga milango, mvuke wa chumvi juu ya vioo, mshindo wa wimbi unaousikia kitandani. Wapo wanaoipenda zaidi hivyo. Wengine hulala usiku mmoja na kuomba wapelekwe kuona nyumba za upande wa pili wa barabara.

Hatua ya 2: Mlete soroveya wako, si wa muuzaji

Mpe kazi ya kutafuta bikoni zote, yaani alama za mpaka zilizosimikwa ardhini, na kuzilinganisha na ramani ya msajili. Kwenye kiwanja cha jabalini bikoni za upande wa bahari ndizo hupotea, na kupotea kwake kuna maana. Zinaweza kuwa zimeanguka na jiwe zilipokuwa zimesimikwa. Ramani ya zamani ikionyesha mita 40 kutoka bikoni fulani hadi ukingoni, na leo soroveya anapata 36, umepata kipimo cha ulaji wa jabali ambacho hakuna dalali atakayekupa.

Swali la pili kwa soroveya: mpaka unaishia wapi? Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inasema ardhi yote kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni mali ya umma. Kanuni za upimaji za 1994 nazo zinataka kwa kawaida ukanda usiopungua mita 60 juu ya alama ya maji kujaa utengwe kwa ajili ya serikali, pale ardhi ya serikali inapopimwa ili igawiwe watu. Hati nyingine za kale za pwani zilitolewa chini ya sheria ya hati za ardhi ya 1908 na mpaka wake hufika kwenye alama yenyewe ya maji. Kwa hiyo majirani wawili wanaweza kuwa na mipaka tofauti, na wote wakawa sahihi.

Tangazo likiandika "ufuo wa binafsi", jua kitu hicho hakipo Kenya. Wavuvi watapita, watoto wataokota kombe, na ni haki yao. Ngazi zilizochongwa kushuka ufuoni, gati dogo, ukuta wa kuzuia mawimbi: vyote hivyo huenda vimesimama kwenye ardhi isiyo ya muuzaji. Uliza leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, kwa kila kimoja. Ukuta usio na leseni unaweza kuamriwa ubomolewe, na barua ya amri itakuja kwa jina lako.

(Kwa anayelinganisha na Tanzania: huko sheria ya mazingira ya 2004 imeweka mita 60 kutoka baharini, na asiye raia hamiliki ardhi ila hupewa haki ya kuitumia kupitia uwekezaji. Usichukue ushauri wa Bagamoyo ukautumia Kilifi.)

Hatua ya 3: Chimba hati mpaka mzizi wake

Hapa ndipo ningetumia muda mwingi kuliko popote. Utafutaji rasmi kwenye ofisi ya ardhi utakuonyesha jina la mmiliki wa leo na kama kuna mkopo au zuio. Ni lazima ufanywe, lakini hautoshi. Mwambie wakili achukue pia nakala ya rejista yenyewe, ile wanayoiita kadi ya kijani, na afuatilie kiwanja kimepita mikononi mwa nani tangu siku ya kwanza kilipotolewa na serikali, na kwa utaratibu gani.

Kuna kesi kila mnunuzi wa pwani anapaswa kuijua. Kampuni ya Dina Management ilinunua kiwanja cha ufuoni Nyali, Mombasa, kutoka kwa mmiliki aliyekuwa na hati. Mwaka 2017 serikali ya kaunti ikabomoa ukuta wake ikisema ile ni njia ya umma ya kwenda baharini. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, na Aprili 2023 majaji wakaamua kwamba hati ni matokeo ya mchakato: kama kiwanja kilitolewa kinyume cha utaratibu tangu mwanzo, aliyenunua baadaye hawezi kujikinga kwa kusema alinunua kwa nia njema. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 nacho kinaruhusu hati kupingwa ikiwa ilipatikana isivyo halali au kwa njia ya ufisadi.

Kwa hiyo muulize wakili wako maswali haya kwa maandishi, naye akujibu kwa maandishi. Kiwanja kilikuwa nini kabla ya kuwa kiwanja: shamba la mkonge, uwanja wa wazi, njia ya wavuvi? Kuna barua ya ugawaji na ramani iliyoidhinishwa ya wakati ule? Kaunti ina mchoro wowote unaoonyesha barabara ikipita hapo? Kuna malalamiko yoyote yaliyopelekwa Tume ya Taifa ya Ardhi?

Angalia pia aina ya umiliki. Kama muuzaji si Mkenya, hata hati yake ya milele iligeuka kuwa ya kukodi kwa miaka 99 tangu Agosti 2010. Na kama ni ya kukodi kutoka zamani, hesabu miaka iliyobaki. Nyumba ya mamilioni juu ya miaka 17 si sawa na ile ile juu ya miaka 80. Mkenya ana haki ya kwanza ya kuomba tena muda ukiisha. Mgeni hana haki hiyo.

Mwisho, je, ardhi imesajiliwa kama ya kilimo? Nje ya mji viwanja vingi vya ekari kadhaa bado ni shamba kwenye makaratasi, hata kama vina bwawa na uwanja wa tenisi. Hapo itahitajika idhini ya bodi ya ardhi, na iombwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba, la sivyo mkataba unakuwa batili. Mgeni hapewi idhini hiyo bila msamaha maalumu wa rais. Dawa ni kubadilisha matumizi ya ardhi kupitia kaunti kabla ya kununua, na afanye hivyo muuzaji, kwa gharama yake.

Hatua ya 4: Kaa na majirani

Mwone chifu au mzee wa mtaa. Historia ya ardhi ya pwani ina uchungu: sheria ya 1908 iliwataka watu wadai ardhi yao rasmi, wengi hawakudai, na ardhi ikageuka ya Taji la Uingereza. Watu wakabaki wakiishi juu ya ardhi ya mababu wakiitwa maskwota. Mtu akikaa kwenye ardhi yenye hati miaka 12 bila kificho wala ruhusa, anaweza kwenda mahakamani kuidai. Zunguka kiwanja chote, pamoja na kona yenye vichaka. Ukikuta mihogo imepandwa kwa mistari, jua kuna mwenye nayo. Mlinzi aliyeishi pale miaka 20 na wanawe, ana mkataba wa kazi? Analipwa na nani? Muuzaji amalizane naye kabla hamjafikia mwisho.

Uliza pia kuhusu makaburi, magofu na mapango. Magofu yanalindwa na Sheria ya Makavazi ya 2006. Pango lenye vitambaa vyekundu na vyeupe na chupa za marashi ni pa kutambikia, na watu wataendelea kuja. Mnunuzi mwenye busara huwaachia njia na kuiandika.

Hatua ya 5: Nyumba yenyewe

Adui ni chumvi. Huingia kwenye zege, hufikia nondo, nondo zinashika kutu, kutu inavimba, na zege linabanduka kutoka ndani. Usipoteze muda na kuta zilizopakwa rangi wiki iliyopita. Angalia chini ya vibaraza, chini ya ngazi za nje, pembe za nguzo zinazotazama bahari, na dari ya gereji, ambayo hakuna anayeikumbuka kuipaka. Mistari ya rangi ya kutu, au zege linalolia kama debe tupu ukiligonga kwa nyundo ndogo, ni gharama. Uliza mchanga wa ujenzi ulitoka wapi. Mchanga wa ufuoni ni chumvi iliyofungiwa ndani ya ukuta tangu siku ya kwanza.

Bwawa lipime hivi. Jaza ndoo maji, iweke juu ya ngazi ya ndani ya bwawa ili maji ya ndoo na ya bwawa yawe usawa mmoja, uweke alama zote mbili kwa kalamu ya wino usiofutika. Zima pampu. Rudi baada ya saa 24. Vyote vikishuka sawa, ni jua na upepo. Bwawa likishuka zaidi ya ndoo, linavuja, na linavuja ndani ya jiwe lile lile linaloning'inia juu ya bahari. Kwenye jabali, kwangu mimi, bwawa linalovuja ni kasoro kubwa kuliko paa linalovuja.

Makuti yanapendeza na yanapoa, lakini bima yake ya moto ni ghali na fundi utamwita kila baada ya miaka michache. Milango ya mbambakofi au mvule hustahimili. Bawaba za chuma cha kawaida hazistahimili.

Hatua ya 6: Maji na maji taka

Kilifi hupata maji ya bomba kutoka visima vya Baricho, kando ya mto Sabaki, na hukatika. Nyumba iwe na matangi ya siku kadhaa. Kisima cha kuchimba karibu na bahari huvuta chumvi kadiri unavyokitumia, kwa hiyo sampuli ichukuliwe pampu ikiwa imekimbia saa kadhaa, si ndoo ya kwanza. Omba kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Kama kuna mtambo wa kuchuja chumvi, uliza maji ya chumvi yanayobaki yanamwagwa wapi.

Maji taka ni suala zito zaidi. Jiwe la matumbawe halichuji, lina mifereji. Shimo la kawaida linaweza kupeleka uchafu kisimani kwako au ufuoni ndani ya muda mfupi. Dai tangi lisilovuja au mtambo wa kusafisha.

Hatua ya 7: Piga hesabu yote

Chukua mfano wa nyumba ya shilingi milioni 80. Amana ya kawaida ni asilimia 10, yaani milioni 8. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 kwa ardhi ya mjini, milioni 3.2, au asilimia 2 nje ya mji, milioni 1.6, na bei inayotumika ni ile itakayothibitishwa na mthamini wa serikali. Ongeza ada ya wakili na VAT ya asilimia 16 juu yake, soroveya, mhandisi, mthamini wa benki kama unakopa.

Kodi ya faida ya mtaji ni ya muuzaji, asilimia 15 tangu Januari 2023. Aliyenunua kwa milioni 50 anaweza kudaiwa hadi milioni 4.5 kabla ya kutoa gharama zinazokubalika. Ndiyo maana muuzaji atakuomba muandike bei ndogo kwenye mkataba. Kataa. Ukiuza wewe, tofauti hiyo itahesabika kuwa faida yako.

Hatua ya 8: Mkataba, malipo na usajili

Muuzaji na mnunuzi kila mmoja awe na wakili wake. Amana ikae kwenye akaunti ya mawakili, isipelekwe mfukoni mwa muuzaji. Muda wa kawaida wa kukamilisha ni siku 90. Ndani ya mkataba andika: muuzaji aonyeshe bikoni, akabidhi leseni za NEMA na michoro iliyoidhinishwa, aondoe wakaaji, na amana irudi yote ikiwa mojawapo itakosekana.

Nyaraka za kukamilisha ni hati ya asili, fomu ya uhamisho iliyosainiwa, cheti cha kutodaiwa kodi za kaunti, cheti cha kodi ya ardhi kama ni ya kukodi, idhini ya bodi inapohitajika, vitambulisho, PIN za KRA (mamlaka ya mapato) na picha. Idhini ya mume au mke wa muuzaji isisahaulike. Nyumba ya ndoa haiuzwi na mmoja peke yake.

Ndugu walio ughaibuni: Mkenya mwenye uraia wa nchi mbili bado ni raia na anaweza kumiliki milele. Ukimtuma mtu, hati ya uwakilishi isainiwe mbele ya mthibitishaji huko uliko na isajiliwe Kenya. Taja ndani yake kiwanja hicho tu. Kampuni yenye hata hisa moja ya mgeni huhesabiwa kuwa si raia.

Hatua ya 9: Wiki ya kwanza ya umiliki

Badilisha vitasa vyote, hamisha mita ya umeme na akaunti ya maji. Soma bima mstari kwa mstari. Sera nyingi hulipa moto na wizi lakini huacha nje kuporomoka kwa ardhi na ulaji wa bahari. Elekeza maji ya paa na ya bustani mbali na ukingo, na usipande miti mikubwa huko.

Kisha mwambie soroveya apige alama 4 au 5 za chuma kisichoshika kutu bustanini, apime umbali wa kila moja hadi ukingoni. Vipimo virudiwe kila Oktoba, kusi ikishapita, na viandikwe tarehe na kupigwa picha pamoja na mwanya wa chini. Upana wowote unaopungua umpelekee mhandisi mwaka huo huo, na faili lenyewe liwekwe pamoja na hati.